Giaboksi ya Benzi au Bimma ya mtumba imegoma mapema: kabla hujaishusha, jua kilichokufa ni nini

Gari imetoka bandarini, imepigwa namba, umekata bima kubwa, haijamaliza hata masika moja gia zinaanza vituko. Ukiweka D inakaa kwanza, inafikiria, alafu inashika kwa kishindo. Au unapanda kilima pale Kimara, Dar, mshale wa rpm unapaa lakini gari yenyewe haina habari. Au uko zako barabarani taa inawaka kwenye dashi na gari inagoma kutoka gia ya pili, unaenda nayo hivyo hivyo mpaka nyumbani injini inalia. Piga simu kwa yeyote anayejua magari, jibu ni lile lile: giaboksi imekufa hiyo kaka, tafuta nyingine.

Na hapo ndo watu wanapopigwa. Fundi mara nyingi wala hana nia mbaya, ila kushusha giaboksi na kupandisha nyingine ndo kazi anayoimudu, kutafuta kosa kwenye mfumo ambao una kompyuta yake yenyewe humo ndani ni kazi nyingine kabisa. Vituko hivyo vitatu nilivyotaja vinaweza kutoka kwenye sili ya plastiki ambayo haifiki hata bei ya tairi moja, vinaweza kutoka kwenye sensa, kwenye oili iliyopungua lita mbili, au kweli klachi za ndani zimeungua. Kwa aliyekaa kwenye usukani vyote vinafanana. Mfukoni ndo havifanani, kimoja ni laki kadhaa kingine ni mamilioni.

Mapema kwako, sio mapema kwake

Sisi tunanunua gari kwa kilomita. Mtu anaona Bimma ya 2010 ina kilomita 62,000 anaona kaokota dodo, na kweli kilomita zinaweza kuwa za halali kabisa, Wajapani wengi hawaendeshi sana, gari inaenda dukani na kurudi, wikiendi inalala. Tatizo ni kwamba giaboksi za magari haya hazihesabu kilomita peke yake, zinahesabu miaka pia.

Chukua ZF, kiwanda cha Ujerumani kinachotengeneza giaboksi za BMW nyingi, Jaguar, Range Rover na Discovery. Giaboksi yao ya gia 6, familia ya 6HP, ilianza na BMW 7 ya mwaka 2001 na baadaye ikasambaa kila mahali. BMW kwa miaka mingi wamekuwa wakiwaambia wateja kwamba oili ya humo ndani ni ya maisha, haibadilishwi. ZF wenyewe, waliotengeneza hicho kitu, wanasema badilisha kila kilomita 80,000 mpaka 120,000 au miaka 8. Sasa iweke ile gari ya kilomita 62,000 kwenye hiyo mizani: kwa kilomita bado, kwa miaka imepitiliza siku nyingi, na uwezekano mkubwa hakuna mtu aliyewahi kugusa nati ya kumwagia oili tangu itoke kiwandani. Mercedes nao walifanya hivyo hivyo, giaboksi yao ya gia 5 ilipotoka kwenye miaka ya 90 ilikuwa haina ratiba ya kubadilisha oili, baadaye wakageuza kauli wakaanza kuzungumzia kilomita 60,000.

Ukijiuliza kwa nini kampuni kubwa iseme oili ni ya maisha, jibu langu ni rahisi tu: mteja wao ni yule wa kwanza. Gari ikivuka miaka yake saba nane bila gharama ya oili ya giaboksi, kitabu cha matengenezo kinapendeza. Wewe wa Mbagala au wa Tabata haukuwepo kwenye hesabu hiyo.

Kwahiyo kinachochoka kwenye kilomita chache ni mpira na plastiki. Kwenye 6HP waya unapoingia ndani ya giaboksi kuna kisilivu cha plastiki chenye oiringi, kikikauka oili inaanza kutoka taratibu, matone tu, huoni kitu chini ya gari kwa sababu inatambaa juu ya sampu (karai la oili la chini ya giaboksi) na kukusanya vumbi. Ndani zaidi, kati ya valvu bodi (kipande chenye njia na valvu za kugawa presha ya oili) na ukuta wa giaboksi, kuna sili ya kuunganisha na vijibomba vidogo vya mpira ambavyo kazi yake ni kupitisha presha ya oili. Vikisinyaa presha inavujia humo humo ndani, haitoki nje hata tone, na klachi zinashika kwa kuchelewa alafu zinashika kwa nguvu. Dalili yake ya kawaida utaiona asubuhi gari ikiwa imelala, unaweka R inagoma kidogo, alafu tuu! Ikishapata moto inajifanya haina shida.

Ongeza na maisha ya hapa. Foleni ya Ubungo saa 12 jioni toki konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa oili, inazunguka ikiteleza muda wote, na kuteleza ni joto, na oili iliyozeeka Japani kwa ubaridi inakuja kumalizikia hapa kwa joto. Gari iliyokuwa na mwaka mmoja au miwili ya kuvumilia inamaliza kwa miezi.

Oili nyekundu sio oili moja

Halafu inakuja sevisi ya kwanza bongo. Unampelekea fundi, anamwaga oili ya injini, anabadilisha filta, anakwambia bosi na giaboksi tuiongezee kidogo, anachukua ile Dexron nyekundu iliyopo dukani ambayo wanaiweka kwenye Corolla, kwenye Noah, kwenye usukani, kwenye kila kitu. Kwenye Corolla sawa tu haitalalamika. Kwenye hizi nyingine msuguano wa klachi umepangwa kwa oili maalum, na klachi ya toki konveta ndo inayolalamika ya kwanza, ukiwa kwenye kasi ya 60 hivi na mguu mwepesi kwenye mafuta gari inatetemeka kama unapita kwenye rasta wakati lami ni nyororo.

Mtego mkubwa uko kwenye C Class ya umbo la 2007 mpaka 2014, ile W204, ambayo imejaa mjini. Watu wanaagiza "oili ya giaboksi ya C Class" wakati ndani ya umbo hilo hilo kuna giaboksi tofauti. C200 Kompressor ya 2008 ya otomatiki ina gia 5. C300 ya mwaka huo huo ina gia 7. Walipoirekebisha sura mwaka 2011 hata zile za injini ndogo zikaanza kuja na gia 7 toleo jipya, wenyewe wanaiita 7G-Tronic Plus, na hiyo inatumia oili ya buluu, sio nyekundu, na hizo mbili hazichanganywi. Kwa hiyo ukisikia muuza oili anakuuliza tu "ni Benzi gani" na hakuulizi mwaka wala namba ya chesisi, ondoka.

Kwa Bimma ni hivyo hivyo. Sio kila BMW ina ZF, kuna 3 Series kibao za umbo la E46 zina giaboksi ya General Motors, na oili yake ni nyingine. Pale pembeni ya giaboksi kuna kibandiko au kibati chenye jina la mtengenezaji na namba ya modeli, ingia chini upige picha kwa simu, ndo utajua unanunua nini.

Alafu kuna kiwango. Hiki naomba nikae nacho kidogo maana kinaua giaboksi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Corolla ya zamani ina kijiti, unachomoa unafuta unachomeka unasoma. Benzi ya gia 5 ina bomba la kijiti lakini kijiti hakimo, kuna kifuniko kina loki ya plastiki nyekundu, kijiti ni kifaa cha gereji unakinunua pembeni na kipimo kinasomwa oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Benzi ya gia 7 haina hata hilo bomba, oili inapimwa kwa chini kwenye sampu ikiwa nyuzi 45. ZF ya gia 6 inapimwa kwenye nati ya pembeni, gari imekaa tambarare kabisa, injini INAUNGURUMA, umeshapitisha lever P mpaka D na kurudi ukikaa sekunde kadhaa kila gia, na kompyuta inakuonyesha joto la oili liko kati ya 30 na 50. Hapo ndo unafungua, ikichuruzika uzi mwembamba imetosha, unafunga.

Sasa angalia kinachofanyika mtaani. Gari imepigwa jeki upande mmoja, injini imezimwa, fundi anafungua nati, oili inamwagika, anasema imejaa hiyo. Injini ikizimwa oili iliyokuwa inazunguka inashuka kwenye sampu kwahiyo kiwango kinaonekana kiko juu kuliko ukweli. Au anapima imechemka sana, oili ikichemka inatanuka, inamwagika, anafunga, ikipoa inabaki pungufu. Pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi zinateleza, zinaungua. Gari iliyoingia gereji kwa sevisi tu inatoka na ugonjwa, na baada ya wiki mbili mwenye gari anaambiwa "unaona, ndo maana tunasema hizi gari oili ya giaboksi haiguswi".

Hiyo imani kwamba ukibadilisha oili giaboksi inakufa ina ukweli wake kidogo, usiipuuze moja kwa moja. Klachi zikishakwisha, unga wake umo kwenye oili nyeusi na ndo unasaidia kushika, ukimwaga ukaweka oili mpya safi inaanza kuteleza. Lakini hiyo giaboksi ilikuwa imeshakufa, oili mpya imeitangaza tu. Kwa gari ambayo bado inabadilisha gia vizuri, kumwaga ile inayotoka kwenye sampu, kubadilisha filta na kujaza oili sahihi haijawahi kuwa kosa. Ninachokwepa mimi ni zile mashine za kusukuma oili yote kwa presha kwenye giaboksi ambayo haina historia, uchafu uliotulia kwenye kona unaenda kukaa kwenye valvu.

Kwenye ZF za gia 6 nyingi utashangaa kidogo, sampu na filta ni kitu kimoja cha plastiki, unabadilisha vyote, na kit yake inakuja na oili lita 7.

Kabla mtu hajashika spana

Mashine ya kusoma kodi za hitilafu inaingia kwanza, na namaanisha mashine inayoongea na kompyuta ya giaboksi, sio ile ndogo ya bluetooth ambayo itakuletea P0700 basi. P0700 maana yake ni kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, kamuulize mwenyewe. Haikwambii chochote. Fundi akikuonyesha P0700 kwenye simu akasema "unaona, giaboksi", hajapima. Anatakiwa awe na programu za kampuni zenyewe, ISTA kwa Bimma, Xentry kwa Benzi, au mashine ya kisasa inayofika huko ndani, na akuonyeshe kodi zote, joto la oili, na vipimo vya sensa gari ikitembea.

P0715 kwa mfano inahusu sensa ya mzunguko wa upande wa kuingilia. Kwenye Benzi, ya gia 5 na ya gia 7, sensa hizo zimo kwenye sahani moja ya plastiki iliyokaa juu ya valvu bodi, na ni ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima. Sensa ikipotea kompyuta haijui klachi zinateleza au hazitelezi, inaamua kujilinda, inabaki gia moja, ya gia 5 inakaa kwenye namba mbili. Unazima gari unawasha tena inarudi sawa, alafu inarudia. Klachi hapo nzima kabisa! Watu wameshusha giaboksi nzima nzima kwa ajili ya hiyo sahani. Kwenye gia 5 kuna kitu cha bei ndogo zaidi, soketi ya waya inayoingilia pembeni ya giaboksi, oiringi zake zikichoka oili inapanda ndani ya waya kama kwenye utambi mpaka inafika kwenye kompyuta ya gia. Chomoa soketi uangalie, ikiwa imelowa oili umeshapata pa kuanzia.

Kwenye gia 7 ni kisirani zaidi kwa sababu kompyuta yenyewe imo humo ndani pamoja na hizo sensa, na imefungwa kwa gari lako. Huwezi kuchukua ya gari nyingine ukachomeka ikafanya kazi, lazima ifutwe kumbukumbu za gari la zamani na kuandikwa upya. Ukiambiwa "ipo used, tunaweka leo leo", uliza nani ataiprogramu na kwa kifaa gani.

P0741 inaelekea kwenye klachi ya toki konveta. Kodi za uwiano wa gia, mfano P0730, ndo za kuogopa, zinasema kompyuta imeagiza gia fulani na mzunguko uliotoka haulingani, yaani kuna kitu kinateleza kweli. Hata hapo, oili pungufu inaweza kuleta kodi hiyo hiyo, ndo maana kipimo cha oili kinafuata kabla ya hukumu.

Sampu ikishushwa uwepo. Usiletewe picha WhatsApp, simama pale. Kuna sumaku humo ndani, ikiwa na ute wa kijivu laini ukiupapasa kwa vidole hausikii kitu, hiyo ni kawaida ya chuma kuzeeka. Ukisikia chembe, ukiona vipande vinavyong'aa rangi ya shaba, au nyuzi nyeusi za klachi zimejaa kwenye filta, hapo sasa tunaongea mengine. Oili nyeusi peke yake sio hukumu, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni mbaya. Na ikiwa pinki nzito kama imechanganywa na maziwa, simamisha kila kitu: maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi. Benzi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, C Class ya W203 na E Class ya W211, zilipata jina baya kwa hilo, kipoza oili kimo ndani ya rejeta, kikipasuka kwa ndani maji na oili vinakutana. Maji ya kupozea yanakula gundi ya klachi. Ukibadilisha giaboksi ukaacha rejeta ile ile, giaboksi ya pili itafuata njia hiyo hiyo.

Na kuna vitu ambavyo havimo hata kwenye giaboksi. Betri inayochoka inaleta vituko vya gia kwenye Wajerumani kuliko unavyoweza kuamini, pima voltji mapema, ni bure. Injini ikimisi silinda moja unaweza kuapa ni toki konveta inatetemeka. Mauntini za injini na ya giaboksi zikikatika, kila ukiweka R unasikia kishindo. Raba ya propela nayo hivyo. Kwenye Bimma X3 na X5 kuna transfa kesi (inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma) na mota yake ndogo yenye gia ya plastiki inayosagika, na hiyo transfa kesi inauawa na sisi wenyewe: tairi mbili mpya nyuma, mbili zilizokwisha mbele, au kampuni tofauti kabisa, mzunguko haulingani na klachi ya humo inafanya kazi muda wote. Gari inavutavuta ukikanyaga mafuta taratibu, mtu anasema giaboksi. Ni tairi.

Audi na VW nitazipitia haraka maana ni ukoo mwingine. Ile DSG (giaboksi yao ya klachi mbili) ya gia 7 yenye klachi kavu, iliyowekwa kwenye A3 nyingi za injini ndogo na Golf, shida yake kubwa ni mekatroniki, yaani valvu bodi na kompyuta yake vikiwa kitu kimoja. Machi 2013 VW waliita tena gereji magari 384,181 yaliyouzwa China kwa ajili yake, na Novemba mwaka huo wakatangaza kama milioni 1.6 dunia nzima kubadilishiwa oili kutoka ya sintetiki kwenda ya madini, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa inaweza kuleta shoti kwenye umeme wa humo ndani. Ukinunua ya kabla ya hapo, uliza kwa namba ya chesisi kama ilifanyiwa. Na usikubali mtu akwambie ni otomatiki ya kawaida, fundi mzuri wa ZF anaweza asijue hata pa kuanzia kwenye hiyo.

Ikishathibitika kweli imekufa

Klachi zimeungua, vipande vimejaa kwenye sampu, sawa. Hapa wengi wanakimbilia giaboksi ya mtumba, ya Japani au ya Sharjah kupitia Dubai, na kwa bei zetu mara nyingi hakuna namna nyingine. Ila fikiria: giaboksi hiyo imetoka kwenye gari ya mwaka ule ule, sili zake zina umri ule ule, oili yake haijaguswa vile vile. Unatoa mzee unaweka mzee mwenzake. Kwahiyo iko chini bado, kabla haijapanda, badilisha sili za mekatroniki, kisilivu cha soketi, sampu na filta, sili ya mbele ya toki konveta. Sili hizo bei yake ndogo ukilinganisha na kushusha giaboksi mara ya pili, na garantii ya duka la mtumba ikiwa siku chache tu basi ujue itaisha kabla hujafika Chalinze.

Namba ya kwenye kibati cha giaboksi lazima ilingane, sio umbo tu. Uwiano wa gia unatofautiana kati ya dizeli na petroli, kati ya injini ndogo na kubwa, zinafunga bolti zote vizuri alafu kompyuta inakataa. Na baada ya kufunga, au hata baada ya kubadilisha sili na oili tu, kompyuta inatakiwa isahau ilivyokuwa imejifunza, irudishwe mwanzo na kufundishwa upya kwa kuendesha taratibu. Watu wanaruka hatua hii, gari inaendelea kupiga kishindo, wanarudi kulaumu giaboksi mpya.

Kufumua na kujenga upya ile yako ni bora kama unaye fundi ambaye anafumua hizo hasa na anakuonyesha kit ya klachi kwenye boksi. Kama ni gereji bubu inayofumua kwa kubahatisha, bora mtumba.

Nani alipe

Inategemea ulinunua kwa nani. Aliyeagiza mwenyewe kutoka Japani kwa mtandao ana nafasi ndogo sana, masharti ya wauzaji wengi hayana garantii ya mitambo, na ukaguzi kabla ya kusafirisha unaangalia usalama, breki, taa, chesisi, hauangalii R inachelewa sekunde ngapi. Kilicho cha maana kwake ni karatasi: ripoti ya mnada na cheti cha kufutwa usajili cha Japani ambacho kina usomaji wa kilomita. Ukikuta hazilingani na dashi, hilo ni dai la kudanganywa, sio la giaboksi, na linasimama lenyewe.

Ukinunua yadi hapa nyumbani Tanzania mambo ni tofauti. Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo auze kitu chenye ubora unaokubalika, hata kama hamkuandika. Ila ina upande wa pili: ulichokikagua mwenyewe na kasoro ilikuwa inaonekana, imekula kwako. Ndo maana "nilipeleka fundi wangu akaiangalia dakika tano" inaweza kugeuzwa dhidi yako. Mtu binafsi anayeuza gari yake, hilo la ubora halimbani hivyo, unachoweza kumshika nacho ni uongo aliousema, alisema giaboksi imebadilishwa oili na haikubadilishwa, alisema kilomita fulani, na hapo Sheria ya Mikataba inakupa pa kusimamia. Meseji zake za WhatsApp kabla ya kulipa usizifute.

Muda ndo unaowaua wengi. Mtu anaona dalili wiki ya pili, anaendesha miezi mitatu, anabadilisha oili huku, anasafisha valvu bodi kule, ikigoma kabisa ndo anakumbuka yadi. Yadi itasema ulishaipokea, umeichezea, na wana hoja. Dalili ya kwanza tu andika, ujumbe na barua, tarehe, kilomita, video ya gari ikichelewa kushika. Peleka kupima kodi za hitilafu kwenye gereji ambayo haitafanya matengenezo, upate karatasi. Usifumue kitu kabla muuzaji hajapewa nafasi ya kuja kuona. Tume ya Ushindani, FCC, wanapokea malalamiko ya walaji, na barua yenye nakala kwao huwa inafanya bosi wa yadi apige simu mwenyewe.

Kwa wa Kenya ni rahisi kidogo. Kifungu cha 5 cha sheria yao ya kulinda watumiaji ya 2012 kinamfanya muuzaji ahesabiwe ametoa dhamana ya ubora, na ile sentensi ya kwenye mkataba ya "imeuzwa kama ilivyo" haimfuti mteja kirahisi hivyo. Alafu wana Mahakama ya Madai Madogo inayochukua madai mpaka shilingi 1,000,000 na inatakiwa imalize ndani ya siku 60, giaboksi nyingi za mtumba pamoja na ufundi zinaenea humo.

Makubaliano ya nusu kwa nusu ndo yanayotokea mara nyingi, na sio mabaya. Muuzaji anatoa giaboksi, wewe unalipa ufundi na oili, mnaandikiana. Kitu kimoja usikubali ni yeye kuchagua fundi na giaboksi bila wewe kuona kibati, maana atakupa ya bei rahisi iliyopo. Omba namba ya giaboksi iandikwe kwenye risiti, pamoja na aina ya oili iliyowekwa na lita ngapi, na kilomita za siku hiyo.